Mkakati wa TEHAMA wa taasisi ya serikali: tuliuandika mara mbili, wa kwanza ukafia kabatini

Mchunga_Seva (#1, mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Kila baada ya muda anatokea mtu humu amekutwa na barua: "umeteuliwa kuwa mjumbe wa kikosi kazi cha kuandaa mkakati wa TEHAMA wa taasisi". Anaomba sampuli, anatumiwa mafaili sita, anashukuru, anapotea. Kabla mwingine hajaomba, ngoja nieleze yaliyotukuta sisi, maana sampuli ndiyo iliyotuponza.

Mara ya kwanza tulimchukua mshauri elekezi. Akakaa vikao viwili na wakuu wa idara, akagawa dodoso, akarudi na kabrasha la kurasa 84 lenye jalada la kung'aa. Dira, dhima, maadili ya msingi, jedwali la nguvu na udhaifu, vyote vimo. Ukurasa wa 37 ulikuwa na jina la taasisi nyingine kabisa. Menejimenti ikapitisha. Jina lile tulikuja kuliona miezi minane baadaye, mimi na mwenzangu, tukiwa tunatafuta fungu la kununulia betri za UPS, vile vifaa vya kushikilia kompyuta umeme ukikatika. Kituo cha kisasa cha data kilikuwemo, "taasisi isiyotumia karatasi" ilikuwemo. Betri hazikuwemo.

Mara ya pili hapakuwa na hela ya mshauri. Tukaachiwa watu wanne: mimi, dada mmoja wa mipango, mhasibu, na mama wa masijala aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Hatukuanza kuandika. Tulishika daftari tukazunguka ofisi kwa ofisi na swali moja: hapa mnatumia nini kufanya kazi yenu? Hatukuuliza "mnahitaji nini", kwa sababu ukimuuliza mtumishi anahitaji nini atakutajia kompyuta mpya kabla hujakaa.

Kitengo chetu kilikuwa kinajua mifumo 12. Tulipomaliza kuzunguka tulikuwa na 31. Mmoja ulikuwa unaishi kwenye kompyuta iliyolazwa chini ya meza, imebandikwa karatasi ya "USIZIME", wino umeanza kufifia. Aliyeibandika alishahama. Aliyerithi meza hakujua ile kompyuta inafanya nini, ila agizo alilitii, hata fagio lilikuwa linaizunguka. Tulipofuatilia waya wake tukakuta ndiyo inayotuma majibu kwa waombaji wote wa vibali.

Lakini kilichonifungua macho ni dirisha namba 4. Dada anayepokea maombi pale ana kaunta buku pembeni ya kibodi. Mwombaji akija, anaandika kwanza kwa mkono, mistari imenyooka, wino mwekundu kwa wenye kasoro. Anamgeuzia mwombaji asome jina lake. Mwombaji akisema sawa, ndipo anaingiza kwenye mfumo. Nikadhani ni mazoea ya kale, nikamuuliza kwa nini anafanya kazi mara mbili. Akaniangalia kama mtoto. Mfumo ukishahifadhi jina haurekebishiki. Ikikosewa herufi moja inabidi iandikwe barua kwa mzabuni, na marekebisho yanakuja baada ya wiki tatu. Na mwisho wa mwezi takwimu anazitoa kwenye kaunta buku, kwa sababu ripoti ya mfumo inahesabu hadi maombi yaliyofutwa.

Kwa hiyo dirisha lile lilikuwa linaendeshwa na kaunta buku, kompyuta inafuata nyuma. Kabrasha la kwanza lilikuwa limeliandika kuwa limeunganishwa na mfumo kwa asilimia 100.

Baada ya kuzunguka, kila mfumo tuliuandikia mstari wake: idara gani inaumiliki (jibu la "TEHAMA" tulilikataa), nani anaujua kwa ndani, leseni au mkataba unaisha lini, unalipiwa na fungu gani, ukizimika itachukua muda gani watu waanze kupiga simu. Safu ya "nani anaujua kwa ndani" ilitutoa jasho. Mifumo 9 ilikuwa na jina la mtu aliyeshaondoka. Msicheke, mwaka 2020 gavana wa New Jersey alisimama hadharani kuomba watu wa kujitolea wanaojua COBOL, lugha ya programu ya mwaka 1959, kwa sababu mifumo ya mafao ya wasio na ajira ilikuwa imeelemewa.

Kisha daftari likaenda kwa mhasibu. Tukamwomba hesabu moja tu: tusiponunua kipya chochote kwa miaka mitano, kuviweka hai hivi tulivyonavyo ni kiasi gani? Leseni, matengenezo, intaneti, vipuri, betri, kompyuta za kubadilisha. Jibu lilimeza karibu hela yote tunayopewa. Na kabrasha la kwanza lilikuwa na miradi mipya 22 juu ya hela hiyo hiyo.

Si umaskini wetu peke yetu. Marekani, ofisi yao ya uwajibikaji wa serikali imekuwa ikiripoti mwaka hadi mwaka kwamba takriban asilimia 80 ya fedha za TEHAMA za serikali kuu zinakwenda kuendesha na kutunza mifumo iliyopo. Mwaka 2016 ofisi hiyo iliandika kwamba mfumo mmoja wa kuratibu silaha za nyuklia ulikuwa bado unatumia disketi za inchi 8, kwenye kompyuta ya miaka ya 1970. Na hao tangu 1996 wana sheria inayotaka kila wakala mkubwa uwe na ofisa mkuu wa TEHAMA.

Ninachoshikilia ni hiki: mkakati uanzie kwenye gharama ya kutunza. Kila kipya kiingie na jina la kile kitakachozimwa ili kukipisha, au na fungu la kukilisha mpaka mwaka wa tano. Kisicho na kimojawapo kibaki nje, hata kama kimeombwa na mkubwa. Kwetu miradi 22 ilibaki 5.

Karibuni mnishambulie.

Kodi_Mpya (#2)

Mkuu nimekusoma mpaka mwisho, kisa kizuri. Ila samahani, mlichofanya hapo ni kuhesabu stoo. Mkakati unatakiwa utuvute mbele, wewe umeuanzia kwenye betri! Mwananchi ana simu mkononi, anataka aombe kibali akiwa amelala kwake, hana habari na kaunta buku lenu. Ukianzia kwenye gharama ya kutunza mfumo mbovu utaishia kuutunza vizuri mfumo mbovu. Na akili mnemba hujaigusa hata kwa bahati mbaya.

Mzee_Jalada (#3)

Kijana wangu Kodi_Mpya, taratibu. Nimefanya kazi masijala miaka mingi, nami nina la kwangu.

Kwetu kulikuwa na ombi la ruhusa ya kusafiri kikazi. Kwenye karatasi lilikuwa na saini saba. Wakaja vijana wa mfumo, wenye heshima zao, wakachora hatua saba kama walivyozikuta kwenye fomu. Mfumo ukawashwa kwa keki na picha. Siku ya pili maombi yakakwama hatua ya tatu. Wakanipigia mimi.

Saini ya tatu ilikuwa ya mhudumu. Zamani ofisi zilikuwa majengo mawili, naye ndiye alikuwa anabeba jalada kutoka jengo moja kwenda jingine, akisaini kwamba amelipokea. Majengo yalishaunganishwa zamani. Sasa mhudumu yule akatengenezewa akaunti, akapewa nywila, akawa anatafutwa korido nzima aje abonyeze "nimepokea" kitu ambacho hakibebwi na mtu yeyote. Alibonyeza kwa uaminifu mpaka alipohamishwa, ndipo ruhusa zote zikasimama.

Kwa hiyo Mchunga_Seva, hesabu yako nzuri, lakini umehesabu mifumo. Je, mlihesabu saini?

Mchunga_Seva (#4)

Mzee Jalada, shikamoo. Umenigusa penye kidonda. Saini hatukuzihesabu mzunguko wa kwanza. Ni yule mama wa masijala aliyetustua, akasema "mnapima upana wa mlango na hamjauliza kama chumba bado kina mtu". Tukarudi tena na daftari, safari hii tukafuata ombi moja la kibali tangu linapoingia dirishani mpaka linapotoka. Lilitumia siku 19. Muda ambao kuna mtu alikuwa analifanyia kazi kweli kweli, tukiujumlisha, haukufika saa mbili. Zilizobaki lilikuwa limelala kwenye trei au kwenye foleni ya mtu aliye safarini.

Hapo ndipo mradi wa "mfumo mpya wa vibali" ulipogeuka kuwa waraka wa ukurasa mmoja unaoruhusu kaimu kusaini. Haukuhitaji seva. Siku zilishuka kabla hatujaandika hata mstari mmoja wa programu. Kusema kweli kitengo chetu hakikufurahi, maana mradi ulikuwa na safari za mafunzo ndani yake.

Kodi_Mpya, hoja yako ya kutunza vizuri mfumo mbovu naichukua, ni kali. Ndiyo maana ipo ile safu ya kitakachozimwa. Kwenye mkakati wetu sura ndefu kuliko zote ni ya kuzima. Mifumo 31, tuliahidi kuzima 11. Hadi leo tumezima 6, na kila mmoja ulikuwa na mtu wake anayeulilia. Kuhusu akili mnemba: ukiniletea inayoweza kusahihisha jina lisilorekebishika nitakupokea kwa matarumbeta.

Fungu_na_Kasma (#5)

Mimi niko upande wa bajeti kwenye taasisi nyingine, mambo haya nayaona kwa jicho la jedwali. Kuna mtego ambao watu wa TEHAMA hawauoni mpaka umewafunga.

Hela ya kujenga inatoka fungu la maendeleo. Hela ya kutunza inatoka matumizi ya kawaida. Haya mafungu hayasalimiani. Mfadhili anakuja na mradi wa miaka mitatu, seva zinanunuliwa, leseni zinalipiwa na mradi, watumishi wa mkataba wanalipwa na mradi. Mwaka wa nne mradi unafungwa kwa hotuba, na mimi huku naletewa ankara ya leseni ambayo haijawahi kuwa na kasma, yaani mstari wake kwenye bajeti, tangu dunia iumbwe. Nikiuliza, naambiwa "lakini hili lilikuwa kwenye mkakati". Ndiyo, lilikuwa kwenye mkakati kama kitu cha kuanzisha!

Kwa hiyo mwanzisha uzi, hiyo kanuni yako ya kulisha mpaka mwaka wa tano mimi ningeiongezea: kasma ya matumizi ya kawaida ifunguliwe mwaka ule ule mradi unaoanza, hata kama itawekwa kiasi kidogo cha kuanzia. Kasma tupu inaweza kuongezewa. Ambayo haipo, kuizaa katikati ya mwaka wa fedha ni vita.

La pili ni akiba za kuahidiwa. Kila andiko la mfumo linakuja na aya ya "mfumo utapunguza gharama". Ukiikubali mapema umekwisha. Kanada walijenga mfumo wa mishahara ya watumishi wa serikali, Phoenix, ukawashwa mwaka 2016. Mahesabu ya akiba yalishafanyika, nafasi za maofisa mishahara wapatao 1,200 zikafutwa kabla mfumo haujathibitika. Mkaguzi mkuu wao aliandika mwaka 2018 kwamba ili wabaki ndani ya bajeti na muda, wakuu wa mradi walipunguza vipengele zaidi ya 100 kati ya 984 vya kuchakata mishahara, na jaribio la awali wakalifuta. Makumi ya maelfu ya watumishi wakalipwa pungufu, wengine zaidi, wengine wasilipwe kabisa. Na watu ambao wangerekebisha kwa mkono walikuwa wameshaagwa.

Akiba iingizwe kwenye bajeti baada ya kuonekana. Mimi hiyo ndiyo sheria yangu, wakinichukia wanichukie.

Hajasaini_Bado (#6)

Nimekaa kimya nawasoma. Yote mazuri. Swali moja: mkurugenzi mpya akija?

Mchunga_Seva (#7)

Hajasaini_Bado, wewe umekaa serikalini siku nyingi, nakuona 😂

Alikuja. Mwaka wa pili wa mkakati. Wiki ya kwanza akauliza kwa nini hatuna programu ya simu. Kabrasha la kwanza lingekufa siku hiyo hiyo. La pili lilipona kwa mambo mawili, na moja ni bahati.

Bahati ni kwamba lilikuwa kurasa 14, akalisoma lote kwenye gari.

Jingine tulilipanga. Kiambatisho cha mwisho ni orodha ya maamuzi: tuliamua nini, tarehe gani, nani alikuwepo, tulikataa nini na kwa sababu ipi. Programu ya simu ilikuwemo kwenye yaliyokataliwa. Sababu: kibali kinahitaji saini ya wino kwa mujibu wa kanuni, kwa hiyo mwananchi angejaza kwenye simu kisha apande gari kuja kusaini. Mkurugenzi akasoma, akakaa kimya kidogo, akasema "basi anzeni na kanuni". Akaandika barua yeye mwenyewe kwa wizara mama. Kanuni ilibadilishwa baada ya mwaka na nusu, ndipo programu ya simu ikaingia, ikachukua nafasi ya mradi mwingine.

Kwa hiyo kwa wanaoandika: andikeni na mliyoyakataa. Mgeni akija anajua hamkusahau, mlifikiri.

Halafu kamati ya TEHAMA isiongozwe na mkuu wa TEHAMA. Yetu ilikuwa hivyo mwanzoni, tukawa tunajiuliza wenyewe na kujijibu. Sasa anaongoza mkurugenzi, wakuu wa idara ndio wanaojieleza kwa nini mfumo wao haujazimwa, mimi ni katibu. Vikao vimekuwa vifupi ajabu.

Mkaguzi_Kimya (#8)

Naomba nichangie kwenye ile orodha ya safu. Haina safu ya nakala rudufu, au kama ipo hukuitaja.

Ninapokwenda kukagua huwa siulizi "mna nakala rudufu?" Jibu ni ndiyo, duniani kote ni ndiyo. Nauliza: mara ya mwisho kuirejesha ilikuwa lini, na nani aliona? Hapo chumba kinapoa. Taasisi moja walinionesha kabati lenye diski kumi na mbili, moja kwa kila mwezi, zimeandikwa vizuri. Nikaomba tuifungue ya Machi. Tupu. Ya Aprili, tupu. Kazi ya kunakili ilikuwa imefeli tangu nywila ilipobadilishwa, na ujumbe wa kufeli ulikuwa unakwenda kwenye baruapepe ya mtu aliyestaafu. Kijana mwaminifu alikuwa anabadilisha diski kila mwezi na kuandika tarehe.

Na nakala isikae jengo moja na mama yake. Septemba 2025 huko Korea Kusini moto uliwaka kwenye kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, wakati betri za lithiamu zikihamishwa. Mamia ya mifumo ya serikali ikazimika. Hifadhi ya pamoja ya mafaili ya watumishi, terabaiti 858, ikateketea, na nje ya jengo hapakuwa na nakala. Maelezo yalikuwa kwamba ni kubwa mno kunakiliwa. Kinachouma zaidi, watumishi walikuwa wameelekezwa waweke kazi zao humo badala ya kwenye kompyuta zao. Waliotii zaidi ndio waliopoteza zaidi.

Korea Kusini, nchi ya kupigiwa mfano kwenye serikali mtandao. Sisemi kuwatisha.

Mchunga_Seva (#9)

Mkaguzi, safu ilikuwepo, tuliita "ilirejeshwa lini". Kati ya 31, tarehe ilikuwepo kwenye miwili. Nilikwepa kuitaja kwa aibu tu.

Kodi_Mpya (#10)

Haya, nami niseme ukweli wangu. Mimi nipo upande wa pili wa meza, kampuni ndogo inayojenga mifumo kwa taasisi. Huenda ni mimi ninayesubiriwa wiki tatu kurekebisha jina 😅 Natania, si sisi.

Mnatulaumu wazabuni, lakini mngeona hadidu za rejea tunazoletewa. Mahitaji 200, la 1 ni "mfumo uwe rafiki kwa mtumiaji", la 2 ni "uwe wa kisasa". La kurekebisha jina lililokosewa halimo, kwa sababu walioandika hawajawahi kukaa dirishani. Nikiuliza maswali naambiwa zabuni haina majadiliano. Siku ya kupokea mfumo wanakuja wakuu watupu, yule dada wa dirisha namba 4 hajaitwa. Wanabofya mara tatu, wanasaini, picha. Akija kuuona mfumo ni siku ya mafunzo, na mkataba umeshafungwa. Kila rekebisho baada ya hapo ni mkataba mpya. Nisiwafiche, ndiko kampuni nyingi zinakopatia faida.

Kwa hiyo kama mkakati wenu unataka meno, uweke masharti ya manunuzi. Msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu yenyewe, uwe wa taasisi na uhifadhiwe kwenu, mjaribu kuujenga wenyewe siku ya makabidhiano. Data itoke kwa muundo unaosomeka popote bila kumwomba mzabuni. Mkataba usijihuishe wenyewe. Uingereza mwaka 2014 waliweka mistari myekundu: hakuna mkataba wa TEHAMA unaozidi pauni milioni 100 bila sababu ya kipekee, hakuna kuongeza muda wa mkataba moja kwa moja, na mkataba wa kuhifadhi mifumo usizidi miaka miwili. Kwa sisi wadogo kitu kama hicho kingekuwa neema, mikataba mikubwa inatufungia nje wote.

Bado nasema umeanzia nyuma sana, Mchunga. Ila dirisha namba 4 limenikaa kichwani.

Fungu_na_Kasma (#11)

Kodi_Mpya leo umenena. La kujaribu kuujenga mfumo wenyewe siku ya makabidhiano naliiba.

Mzee_Jalada (#12)

Na hii mifumo kusomana mbona hamjaigusa? Mwananchi huyo huyo anaombwa cheti cha kuzaliwa na ofisi tatu zilizo barabara moja.

Mchunga_Seva (#13)

Mzee, nililiruka kwa sababu ndilo tulilofeli.

Tuliandika kwamba mifumo yetu itasomana na ya taasisi nyingine mbili. Kiufundi haikuwa ngumu, vijana walijenga kiolesura, yaani kiungo cha mifumo kupeana taarifa, ndani ya mwezi. Kilichotushinda ni barua. Taasisi ya pili ikauliza: tukikupa taarifa za mtu na zikavuja, anayefungwa ni nani? Hatukuwa na jibu, na walikuwa sahihi kuuliza.

Estonia wanasifiwa kwa X-Road yao, njia ambayo mifumo ya taasisi zao inasomana, ipo tangu 2001. Watu wanaiona kama programu. Programu ile ni huru, hata Finland wanaitumia, unaweza kuipakua leo. Sehemu ngumu ni makubaliano yaliyo chini yake: kila taasisi inabaki na data yake, mwingine akihitaji anauliza na swali lake linabaki kwenye kumbukumbu, na sheria inakataza kuanzisha kanzidata nyingine ya kukusanya data zile zile. Sisi tulianza na kiolesura, tukaiacha sheria iwe "itafuatiliwa". Ipo kwenye kumbukumbu za kikao hadi leo: itafuatiliwa.

Ningeanza upya ningeanza na mwanasheria, na ningeanza na taarifa moja ndogo tu. Kwa mfano kujua kama mtu bado yu hai. Swali la ndiyo au hapana, hakuna faili linalohama.

Hajasaini_Bado (#14)

Na watu je? Mmeongelea mifumo, fungu, sheria. Huyo kijana aliyejenga kiolesura kwa mwezi mmoja bado yupo?

Mchunga_Seva (#15)

Aliondoka. Na mwenzake. Ndani ya mwaka mmoja.

Mkakati ulikuwa na sentensi moja kuhusu watumishi: "kujenga uwezo". Tuliwapeleka mafunzo mazuri, wakarudi na vyeti, vyeti vikawapatia kazi kwingine. Siwalaumu, mshahara siupangi mimi. Tulichoweza kufanya baadaye ni kidogo: hakuna mfumo unaoshikwa na mtu mmoja, na kila robo mwaka wawili wanabadilishana mifumo kwa wiki nzima, mwenye mfumo haruhusiwi kugusa kibodi, anajibu maswali tu. Wiki hizo zina kelele. Lakini ndizo zinazozaa maelezo ya maandishi, maana hakuna anayependa kuulizwa swali moja mara nne.

Mkaguzi_Kimya (#16)

Safi sana. Swali la mwisho kutoka kwangu. Viashiria mlipima nini?

Mchunga_Seva (#17)

Kabrasha la kwanza lilipima idadi ya mifumo iliyojengwa na idadi ya watumishi waliofunzwa. Vyote vilifikiwa.

La pili lina vichache: siku za kibali kutoka dirishani mpaka kutoka, mifumo iliyozimwa, mifumo yenye tarehe ya kurejeshwa isiyozidi miezi sita, na kimoja ambacho kamati ilikicheka kwenye kikao. Nilitaka kipimo cha kaunta buku. Kila nusu mwaka tunapita madirishani kuhesabu madaftari yaliyo pembeni ya kibodi, na kila daftari tunaliandikia sababu yake. Wakacheka, wakapitisha.

Mwanzo yalikuwa 17. Sasa ni 5.

Kodi_Mpya (#18)

Na la dirisha namba 4? Jina si linarekebishika sasa?

Mchunga_Seva (#19)

Linarekebishika, ni kitufe kimoja, msimamizi wake anaidhinisha palepale. Nilikwenda mwenyewe wiki iliyopita nikijua nitakuta meza tupu. Kaunta buku lipo, jipya, limewekewa jalada la plastiki.

Nikamwambia dada, si tulishamaliza hili? Akasema lile la majina limekwisha, ahsanteni. Hili ni la siku mtandao ukikatika, watu wako kwenye foleni na hawezi kuwaambia warudi nyumbani. Akanifungulia nione. Tarehe, saa mtandao ulipokatika, saa uliporudi, waombaji aliowahudumia kwa mkono katikati. Miezi minne mfululizo, mistari imenyooka.

Mtoa huduma wetu wa intaneti anatuletea ripoti kila mwezi inayosema mtandao haukukatika hata siku moja. Nimeomba niazime hilo daftari hadi Ijumaa nilitoe nakala. Amenipa, ila amenisainisha.